Alikwenda Venice peke yake wikiendi ya Mei Mosi: uchambuzi wa kisa

Kwa nini nakiandika kisa hiki

Nawasaidia Waswahili wenzangu wanaoishi Ulaya kupanga safari zao za likizo, na Venice ni mji ninaoulizwa kuliko yote. Swali huwa lilelile: nikifika nione nini? Kisa hiki kimenifanya niwe nawajibu kwa swali jingine kabla ya kutaja kanisa au daraja lolote: utalala wapi, na utakuwa nje saa ngapi? Katika mji unaofurika wageni kiasi kile, mtu aliye peke yake hunufaika au huumia kwa mambo hayo mawili kuliko kitu kingine chochote.

Mhusika ameniruhusu kukisimulia. Namwita Bi Z. Sitaji mji anaoishi, nyumba alizolala wala mkahawa uliomliza, na mambo mengine madogo ambayo yangemtambulisha nimeyaondoa.

Usuli

Bi Z. ana miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa pwani ya Tanzania, Mwislamu, mfanyakazi wa hospitali kusini mwa Ujerumani. Ana kibali cha kuishi huko, kwa hiyo Italia hakuhitaji viza nyingine: kibali cha nchi moja ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, kikienda pamoja na pasipoti hai, kinamruhusu mtu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Kuna treni ya moja kwa moja kutoka Munich inayopita Innsbruck na Verona hadi Venice, na hiyo ndiyo aliyoipanda.

Safari ilipangwa kwa watu wawili, yeye na rafiki yake wa kazini. Walikata chumba kimoja chenye vitanda viwili huko Mestre, upande wa bara wa manispaa ya Venice, dakika kumi hivi kwa treni hadi mjini majini. Chumba euro 95 kwa usiku, kila mmoja atoe nusu, usiku nne. Chakula cha jioni watakula pamoja, boti watapanda pamoja, mmoja atashika ramani na mwingine atapiga picha. Wiki tatu kabla ya kuondoka, rafiki akabadilishiwa zamu na kuomba radhi.

Nyumbani kwao hawakupenda. Mama yake alimwuliza kwa simu: mwanamke unatoka kwako, unakwenda nchi ya watu, hakuna wa kumfuata wala wa kukupokea, hiyo ni safari ya nini? Bi Z. alimwambia mama anakwenda kupumzika. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Haya, Mungu akulinde, lakini uwe unanipigia."

Aliamua kwenda. Tiketi za treni zilikuwa za aina isiyorudishwa, likizo ilishapitishwa, na zaidi ya hayo aliniambia amechoka kusubiri watu: ameahirisha mengi kwa sababu ya fulani na fulani. Uamuzi huo nauona sahihi hadi leo. Kilichokosekana ni kwamba hakuna kilichobadilishwa isipokuwa idadi ya wasafiri. Hoteli ileile, ratiba ileile, bajeti ileile ya chakula, euro 35 kwa siku, na sasa chumba cha watu wawili akikilipia peke yake. Kwangu alikuja kuuliza jambo moja tu kabla ya kuondoka, nalo ni ada ya kuingia mjini.

Alhamisi ya Mei Mosi

Alifika Jumatano jioni, tarehe 30 Aprili 2025, akalala Mestre. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi, na ni sikukuu Italia, Ujerumani, Austria na Ufaransa kwa wakati mmoja. Ilipoangukia Alhamisi, watu wengi waliichukua na Ijumaa wakaunganisha na wikiendi.

Mwaka 2025 Venice ilitoza ada ya kuingia kwa siku 54, na siku zote za kuanzia 18 Aprili hadi 4 Mei zilikuwamo. Mgeni wa kutwa alilipa euro 5 akijisajili mapema, na euro 10 akingoja hadi siku tatu za mwisho. Ada ilihusu saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni. Anayelala ndani ya manispaa halipi, na Mestre imo ndani, lakini lazima ajisajili kwenye tovuti ya manispaa apate msimbo wa QR wa kuonyesha kwamba amesamehewa. Hilo alilifanya nyumbani, na asubuhi ile lilimpitisha stesheni bila maneno.

Alitoka hotelini kama saa tatu na nusu. Treni ilijaa hadi mlangoni. Kutoka stesheni ya Santa Lucia watu wote walishika njia moja: Lista di Spagna, Strada Nova, Rialto, kisha vichochoro vya maduka vya Mercerie hadi uwanja wa San Marco. Kwa siku ya kawaida ni mwendo wa dakika 35 au 40 kwa miguu. Yeye alitumia zaidi ya saa moja na nusu, kwa sababu kila daraja watu walisimama kupiga picha na walio nyuma wakangoja.

Kwenye Basilika ya San Marco alikuwa amejifunika vizuri, mabega na kichwa, lakini alirudishwa kwa sababu ya begi la mgongoni. Foleni aliyokuwa amesimama ikapotea. Akaketi kwenye ngazi pembeni ya uwanja kula mkate aliobeba, akaja mtu wa manispaa kumwinua: pale hairuhusiwi kukaa chini na kula. Akanunua tiketi ya boti ya siku nzima, euro 25, apite Mfereji Mkuu kwa boti nambari 1. Boti ya kwanza ilijaa, ya pili ikajaa, ya tatu akaingia akasimama katikati ya watu bila kuona maji. Tiketi ya safari moja ni euro 9.50. Siku ile alipanda mara mbili tu, kwa hiyo hata hapo alipoteza euro sita.

Jioni simu ilizima chaji. Njaa ilikuwa inamwuma. Mkahawa wa kwanza ulimwuliza "ni mmoja tu?" ukamwambia hakuna nafasi, na meza mbili zilikuwa wazi mbele ya macho yake. Wa pili ulimpokea. Akaagiza samaki wa kuoka, kwa sababu samaki hana shaka kwa Mwislamu, na kwenye orodha aliona 8.50. Kando ya bei palikuwa na neno dogo, *etto*, yaani gramu 100. Samaki aliyeletewa alikuwa na gramu 720. Bili ilikuja hivi: samaki euro 61.20, kiti na mkate euro 4, maji euro 5. Jumla euro 70.20, zaidi kidogo ya mara mbili ya bajeti yake ya chakula cha siku.

Alirudi Mestre saa mbili usiku, tena katika treni iliyojaa, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo wageni wote wa kutwa wanaondoka. Akaichaji simu, akanipigia. "Dada," aliniambia, "mji wenyewe sijauona. Nimeona migongo ya watu."

Uamuzi wa usiku ule

Tulikuwa na njia tatu mezani. Abaki Mestre na kujaribu tena kesho. Akate tamaa, Ijumaa asubuhi arudi Ujerumani. Au ahame, siku mbili zilizobaki alale ndani ya mji wenyewe.

Ya kwanza ingemrudishia Alhamisi ileile. Anayelala Mestre anaingia na umati na kutoka na umati, isipokuwa awe mtu wa kuamka saa kumi na moja na kuvumilia kurudi usiku wa manane akiwa peke yake kwenye stesheni. Ya pili aliitaka sana; alikuwa amechoka na aibu ya ile bili ilikuwa bado inamuuma. Nilimwomba tupige kwanza hesabu ya njia ya tatu.

Niliulizia hapa na pale hadi nikapata nyumba moja ya wageni inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki, mtaa wa Castello, ambako mgeni mmoja alikuwa ameghairi. Chumba cha mtu mmoja, kitanda kimoja, bafu la kushirikiana, euro 80. Lango linafungwa saa tano usiku. Hoteli ya Mestre ilikubali kumwachia usiku wa mwisho bila malipo, lakini usiku wa Ijumaa ungelipiwa alale asilale. Akibaki Mestre angelipa euro 190 kwa usiku mbili. Akihama angelipa 160 kwa masista na 95 za adhabu, jumla 255. Tofauti ni euro 65. Nilimwambia kuuona mji siku mbili kungemgharimu pungufu ya ile bili ya mkahawa.

Alikuwa na wasiwasi mmoja zaidi. "Mimi Mwislamu, nikalale kwa masista?" Nyumba za namna hiyo Venice ni nyingi na hupokea watu wa dini zote, wanachodai ni utulivu na kuheshimu saa ya lango. Kwa mwanamke aliye peke yake, lango lenye mtu mlangoni si jambo dogo. Akakubali.

Ijumaa: kuhama, kupumzika, kupotea

Alitoka Mestre alfajiri, akafika Castello kabla hata saa za ada hazijaanza. Sista mzee alinakili pasipoti yake, kwa kuwa sheria ya Italia inataka kila mgeni aandikishwe, akamwonyesha pa kuweka begi, akamwambia chumba kitakuwa tayari mchana. Hakuulizwa kitu kuhusu hijabu yake, wala siku zile zote.

Nilikuwa nimemwomba asifanye lolote la kitalii siku hiyo. Akaenda mashariki, upande ambao wageni wengi hawafiki, hadi Via Garibaldi, barabara pana iliyopatikana kwa kufukia mfereji enzi za Napoleon. Mwisho wake kuna boti imefungwa ukingoni inauza mboga na matunda. Akanunua machungwa. Akaendelea hadi bustani za Sant'Elena akakaa kwenye benchi chini ya miti, wazee wakipita na mbwa, nguo zimeanikwa kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha. Saa sita alirudi akalala usingizi mzito wa mchana, usingizi wa mtu wa zamu.

Jioni alitoka tena, na hapo ndipo alipouona mji kwa mara ya kwanza. Kuanzia saa moja vichochoro vinapungua watu dakika kwa dakika. Saa tatu alikuwa San Marco, taa zinawaka, muziki unatoka mikahawani, na nafasi ya kutembea ipo.

Kisha akapotea. Anwani za Venice haziendi kwa barabara. Mji wa kale una mitaa sita, na kila mtaa una mfululizo mmoja wa nambari za nyumba unaozunguka mtaa mzima. Castello peke yake nambari zinapita 6,000. Anwani yake ilisomeka "Castello" na tarakimu nne, basi. Kuta zile ni ndefu na vichochoro ni vyembamba, ramani ya simu ikawa inamrusha kutoka upande mmoja wa mfereji hadi mwingine. Ilikuwa saa nne na robo, lango linafungwa saa tano, na chaji imebaki kidogo.

Mwanamume mmoja akamfuata, akamwambia kwa Kiingereza anajua nyumba ya masista, amfuate. Huenda alikuwa mwema. Bi Z. alimshukuru, akamwambia mume wake anamngoja uwanjani, akageuka kurudi alikotoka hadi penye mwanga. Pale aliacha kuitafuta nyumba, akaanza kutafuta kitu kikubwa asichoweza kukikosa. Mchana alikuwa ameupita uwanja wa Santi Giovanni e Paolo, wenye sanamu ya shaba ya shujaa juu ya farasi, na kando yake hospitali kuu ya mji. Akauliza kwenye baa kwa kutaja jina la uwanja tu, akaonyeshwa kwa kidole, akaenda.

Mlango wa hospitali ile ni ukuta wa marumaru uliochongwa katika karne ya 15, na ndani yake ni hospitali kamili inayofanya kazi usiku na mchana. Kwenye mfereji wa pembeni boti ya wagonjwa ilikuwa inaingia. Alisimama kuitazama: wahudumu wawili, machela ikisogezwa kutoka sitahani hadi ukingoni, mmoja anashika chupa ya maji ya dripu juu wakati boti inapanda na kushuka. Aliniambia kwamba hofu ilimtoka pale pale, kwa sababu alikuwa mahali ambapo anaelewa kila mtu anafanya nini. Mlinzi wa mlangoni akamwelekeza kwa masista, madaraja mawili kutoka pale. Aliingia dakika kumi kabla ya lango.

Jumamosi: mji kabla ya watu

Alipomaliza swala ya alfajiri hakurudi kitandani. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa San Marco, uwanja ambao juzi yake alishindwa hata kugeuka, akahesabu watu aliowaona kwa vidole vya mkono mmoja.

Mji ule hauna gari, kwa hiyo kila soda, kila shuka la hoteli na kila mfuko wa saruji huja kwa boti na kumalizia safari kwa mkokoteni. Alfajiri ndiyo saa ya kazi hiyo. Bi Z. alisimama karibu na daraja moja dogo kumtazama kijana mwenye mkokoteni wa katoni za maji. Mikokoteni ile ina magurudumu mawili makubwa nyuma na madogo mbele; kijana aliukandamiza mpini, magurudumu madogo yakashika ngazi ya juu, akavuta pumzi, akainua, yale makubwa yakafuata, ngazi moja baada ya nyingine, chupa zikigongana. Alimkumbusha mahamali wa Mji Mkongwe wa Unguja, hata ukelele ni uleule: angalieni miguu!

Kutoka hapo akaenda soko la samaki la Rialto, ambalo hufungwa Jumapili na Jumatatu, kwa hiyo Jumamosi ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Mtoto wa pwani hakuhitaji mkalimani. Dagaa wakubwa, ngisi bado wana wino, kaa wa ganda laini wa majira ya kuchipua. Muuzaji alimwona anakagua mashavu ya samaki akacheka akamwonyesha mwingine aliye mbichi zaidi. Karibu na soko alivuka Mfereji Mkuu kwa gondola ya kuvusha abiria, wakazi na wageni wamesimama pamoja, euro 2. Gondola ya matembezi mchana ni euro 90 kwa nusu saa, na bei ni ya chombo, sio ya kichwa. Watu watano watagawana, mmoja ataibeba yote.

Saa nne, mafuriko ya watu yalipoanza, yeye akaondoka. Kutoka Fondamente Nove alipanda boti hadi Murano, kisiwa ambacho serikali ya Venice ilihamishia tanuri za vioo mwaka 1291 kwa kuogopa moto mjini, akaingia jumba la makumbusho la vioo. Hapo alikaa muda mrefu mbele ya shanga. Nami nilifurahi sana aliponieleza, kwa kuwa shanga za Venice ni sehemu ya historia yetu: katika karne ya 19 zilifika Zanzibar kwa meli, zikavushwa Bagamoyo na kubebwa na misafara hadi Unyamwezi na Ujiji, zikatumika kama fedha njiani. Zile nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa kuliko nyingi. Alikuwa amekuja kwenye mji uliowapamba bibi zake.

Jioni alikula amesimama kwenye kaunta ya baa ndogo: vipande vya mkate vyenye samaki mkavu aliyesagwa kwa mafuta, na dagaa waliolazwa kwenye siki, vitunguu na zabibu kavu. Aliuliza kila kipande kama kina nguruwe. Akala akashiba kwa euro 14. Hakuna aliyemwuliza yuko na nani, kwa sababu kaunta haina kiti cha pili kilichobaki wazi.

Matokeo

Jumapili alirudi salama. Karibu na Rosenheim polisi wa Ujerumani waliingia kwenye treni kukagua hati, kama wanavyofanya mara nyingi kwenye njia ile. Pasipoti na kibali alikuwa navyo mfukoni. Malazi yalimgharimu euro 445 badala ya 380 alizokuwa anatarajia baada ya rafiki kujitoa. Chakula cha siku mbili za mwisho hakikufika euro 30 kwa siku, jambo lililofidia sehemu ya bili ya Alhamisi. Basilika hakuingia kabisa, na hakusikitika.

Uchambuzi

Kuhama ndiko kulikookoa safari, ingawa si kwa sababu Mestre ni mahali pabaya. Kwa wawili wanaogawana chumba, au familia yenye watoto na masanduku, Mestre ni chaguo la akili. Tatizo ni kwamba hesabu yake inategemea kugawana. Mtu mmoja analipa chumba kizima, kisha anauza saa mbili bora za mji, alfajiri na usiku, kwa akiba ambayo kwa kweli haipo. Mpango wa wawili ulipobaki na mmoja ulipaswa kuvunjwa wote na kupigwa hesabu upya, chumba, chakula, boti, ramani, kila kitu. Wiki tatu zilitosha kabisa, na vyumba vya mtu mmoja kwa masista visingekuwa vya kubahatisha kama ilivyokuwa usiku ule.

Saa za kutembea zilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa nje alfajiri hadi saa nne, ndani au visiwani mchana, nje tena kuanzia saa moja usiku. Ni ratiba ya mtu wa zamu, na hiyo ilimsaidia. Mtu anayependa kuamka saa tatu asijidanganye kwamba ataiweza. Bora aende Novemba au Januari.

Kuhusu yule samaki, mkahawa haukuvunja sheria kwa kuandika bei ya gramu 100. Kinga ni kuomba mhudumu ataje uzito na jumla kabla samaki hajaingia jikoni. Lakini naona chanzo kiko mbele zaidi: alikaa mezani akiwa na njaa, simu imezima, ameshakataliwa mara moja, na hakuna wa kumwambia "hebu soma tena." Wawili hukaguana bila kujua. Aliye peke yake anahitaji kula kabla njaa haijamshika, na kuwa na pawabenki, kwa sababu hizo ndizo zinazomkosesha umakini.

Usiku wa kupotea alifanya mambo matatu kwa usahihi. Alikataa kumfuata mtu asiyemjua, bila kumtukana. Alirudi penye watu. Na aliacha kutafuta nyumba akatafuta alama kubwa. Kilichokosekana ni kuchagua alama hiyo mapema. Sasa kila ninayempeleka Venice namwomba aandike kwenye karatasi jina la uwanja au kanisa lililo karibu na anakolala, jina la kichochoro chenyewe na kituo cha boti, kwa kuwa mtaa na nambari peke yake havimfikishi mtu.

Kwa upande wa familia, walikubaliana ujumbe mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dada yake na kwangu, pamoja na picha ya pasipoti na anwani. Alhamisi simu ilipozima, mama alikaa saa tatu bila habari na nyumba nzima ikajua. Ijumaa kuendelea aliwaandikia kabla ya kutoka: nitakuwa kimya hadi saa fulani. Kimya kilichotangazwa hakimtishi mzazi.

Jambo la mwisho linahusu wenyeji, nami nalichukulia kwa uzito. Mwaka 1951 mji wa kale wa Venice ulikuwa na wakazi kama 175,000. Leo hawafiki 50,000, na mwaka 2023 vitanda vya wageni viliwazidi wakazi. Karibu na Rialto kuna duka la dawa lenye kibao dirishani kinachoonyesha idadi ya wakazi waliobaki. Bi Z. alikipita Jumamosi asubuhi, akanitumia picha na swali: mimi kulala humu ndani, si nimechukua kitanda cha mtu? Nilimjibu kwamba kuna tofauti kati ya fleti iliyokuwa na mpangaji, ikageuzwa ya wageni, na nyumba ya masista au hoteli ndogo ya miaka mingi. Alilipa kodi ya mgeni ya kila usiku, alinunua machungwa kwenye boti ya mboga, alikula kwenye baa ya mtaani. Mgeni wa kutwa anayepita na mkate wake mkononi anauacha mji na takataka tu. Hata hivyo sikumwambia kwamba swali lake limekwisha, kwa sababu wikiendi ile yeye pia alikuwa mmoja wa wale waliojaza daraja.